Mahali pa Watoto Niliandika Sifuri

Kingstanding, Birmingham, Alhamisi, saa kumi jioni

Wakesho mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Selly Oak kuwaaga wale wenzako mliokaa nyumba moja, na umesema utarudi kabla ya chakula. Nakujua. Utarudi chakula kimepoa, uniambie treni ilichelewa. Kwa hiyo nina saa tatu hivi, na nimezima televisheni ili nisipate pa kukimbilia.

Sitakuandikia habari za koti, wala chumvi, wala kufunga mlango kisha kurudi kuutikisa. Hayo nimekuimbia tangu una miaka tisa na sasa unayafanya vizuri kuliko mimi. Masanduku yako yote mawili yako hapa ukumbini, umeyapima kwa mizani ya bafuni mara tano. Ule unga wa ugali nilioutia kwenye sanduku kubwa umeutoa ukaurudisha kabatini, ukidhani sikuona. Niliona. Nimeuacha hukohuko.

Kwanza nikuambie hali yangu, ili kesho usinitazame pale kituoni ukadhani nimejikaza kwa makusudi. Sijisikii chochote. Nimeamka, nimepika uji, nimekunja nguo zako, nimempigia msimamizi kumwambia kesho siji kazini, na katika hayo yote moyo wangu umekaa tu, umekufa ganzi. Ni kama kung'olewa jino ukishadungwa sindano: unasikia wanavuta, unasikia hata mlio, lakini uchungu hauji. Asubuhi nilikaa kitandani kwako nusu saa nikanusa mto wako nikitafuta machozi. Ulinuka mafuta yako ya nywele. Nikatoka nikaenda kuanika nguo.

Ganzi hii ina mwanzo wake. Ndicho ninachotaka kukuandikia, na nimechelewa sana.

Jumapili pale kanisani Acocks Green, walipokuita mbele wakuombee, Mama Furaha alisimama. Unamjua Mama Furaha, tangu atoke Uvira na watoto watano mkononi hajawahi kuomba ruhusa ya kusema. "Bandugu," akasema, "munaona huyu mama? Weye Mama Wakesho, balikupatia Amerika, ukakatala juu ya mutoto. Leo mutoto anaenda kwa Amerika. Mungu haiko muizi, hata kidogo!" Watu wakapiga makofi. Ukageuka ukanitazama, macho yamekujaa machozi. Na mimi nikapiga makofi. Mikono hii hii, Wakesho, nikajipigia makofi.

Miezi michache kabla ya hapo ulinipa insha yako niisome, ile ya kuombea nafasi ya chuo kule. Sentensi ya kwanza ilikuwa inanihusu mimi: kwamba mama yako alipewa Amerika mkononi, akaiweka chini ili akubebe wewe. Niliisoma hadi mwisho, mezani hapa nilipokaa sasa. Nikasema, "Nzuri." Ukaniuliza, "That's it, Mum? Just nzuri?" Nikakuambia utie koma mstari wa nne.

Halafu ikaja barua ya ile shule ya msingi. Mwaka mzima ulikuwa umewasaidia wale watoto wadogo kusoma, unarudi nyumbani na rangi kwenye mikono ya sweta, unanisimulia ya yule mmoja asiyekubali kuvua kofia. Sijawahi kukuona ukicheka hivyo na kazi. Wakakupa nafasi ya kusomea ualimu hapohapo kwao, na ukaikataa. Nilikuuliza kwa nini, hali nilijua. Ukanijibu, "You said no once because of me, Mum. Mimi siwezi kusema no mara ya pili." Pale ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Niliufungua, nikakuuliza kama unataka chai.

Basi sikiliza. Mimi sikuikataa Amerika. Amerika ndiyo iliyonikataa mimi, na ilikuwa na haki, kwa sababu nilikukana.

Ulikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa nesi katika hospitali ndogo ya Voi, wewe uko Wundanyi kwa nyanyako, na babako alikuwa amekwisha kwenda zake, sitapoteza wino juu yake. Mwaka ule wauguzi wote tulikuwa tunajaza ile bahati nasibu ya green card, ya kuhamia Amerika. Tulikuwa tunatoka zamu tunaenda moja kwa moja saiba, kwenye duka la intaneti, bado tumevaa sare, tunapigwa picha mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Kijana wa saiba ndiye aliyekuwa anatujazia fomu, anabonyeza huku anatafuna muwa. Akaniuliza jina, akaniuliza tarehe, akafika mahali pa watoto.

"Mmoja," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Madam, wewe unataka kuenda ama hutaki? Hujaolewa, halafu una mtoto. Wataona ni mzigo unawaletea. Weka zero. Ukishafika kule, utamvuta."

Utamvuta. Sote tulikuwa tunaongea hivyo siku hizo, kana kwamba watoto wetu ni ndoo kisimani. Nikafikiri kidogo, na ningependa kukuambia nilifikiri sana. Nikasema, "Weka." Akabonyeza sifuri, akaendelea na muwa wake.

Nikashinda. Unajua watu wangapi hujaza wasishinde? Bahasha ilipofika nyanyako aliiweka ndani ya Biblia. Nilisoma yale masharti mara moja tu, usiku mmoja zamuni, na pale pa watoto niliruka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hiyo itajirekebisha baadaye.

Siku ya mahojiano Nairobi nilisimama kwenye foleni nje ya ubalozi tangu alfajiri. Nimevaa suti ya kuazima, viatu vinanibana. Nikasikia nyuma yangu sauti ya kwetu, ya mwanamke tuliyekuwa tukisali naye Wundanyi: "Mama Wakesho! Ni wewe? Mama Wakesho!" Tangu siku ya tatu baada ya kukuzaa hakuna mtu nyumbani aliyeniita jina langu la ubatizo. Mimi ni Mama Wakesho kwa muuza mboga, kwa mchungaji, kwa mama yangu mwenyewe. Sikugeuka. Nilitazama mgongo wa aliye mbele yangu, nikahesabu vifungo vya mkoba wake. Yule mama akaita mara ya tatu, kisha akajiambia kwa sauti, "La, nimemfananisha."

Dirishani alikuwa mama mmoja wa kizungu wa makamo, mpole, na miwani ya kamba. Aliniuliza kuhusu kazi, nikajibu vizuri. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Akafunua karatasi za daktari. Siku chache kabla, daktari wao alinipima, akaona lile kovu la tumboni ulikotolewa, akauliza ni la nini. Nikamwambia nilitolewa uvimbe. Mimi ni nesi, nilijua kuusema uongo huo kwa maneno yanayofaa. Sijui aliandika nini, lakini yeye naye alikuwa na macho.

Mama yule akauliza tena, polepole, kama nimewahi kuzaa. Nikasema hapana.

Ukihesabu na ile ya foleni, ni mara tatu. Petro angalau alilia. Mimi nilisimama pale na suti yangu ya kuazima nikajisikia vilevile ninavyojisikia leo, yaani sijisikii. Akavua miwani, akaegemea kioo, akaniuliza kwa upole ambao hadi leo unanisumbua kuliko angenifokea: "Una uhakika kwamba huna mtoto?"

Sikujibu. Kisha akanirudishia pasi na karatasi, na nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Kwenye basi la kurudi nilitunga uongo mwingine, maana ule wa kwanza ulikuwa umeshaisha kazi. Nyanyako alikuwa amesimama mlangoni. Wewe ulikuwa sakafuni, umevaa kiatu changu kimoja, unakiburura. "Wamesemaje?" akaniuliza. Nikamwambia, "Walitaka nimwache mtoto. Nikakataa."

Ungemwona. Aliniita malaika. Akakuinua na kile kiatu kikianguka, akakutia mkononi mwangu, akasema, "Mshike mamako, alichagua wewe." Jumapili ikawa ushuhuda kanisani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetoka Wundanyi ikafika Kingstanding, na kesho inataka kupanda ndege.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi, nilimalize. Mkawasi, yule tuliyesoma naye uuguzi, alijaza mwaka uleule, saiba ileile, kwa kijana yuleyule. Naye hakuwa ameolewa. Alipoambiwa aweke sifuri, alimwambia yule kijana, "Andika watatu ama nirudishie hela yangu." Wakaandikwa watatu, naye akashinda. Wakaenda wote wanne. Kumbe hakuna aliyejali kama una mtoto, walichotaka ni useme ukweli. Ningeandika moja, tungekwenda mimi na wewe. Wewe leo ungekuwa unaongea kama wale wa kwenye filamu, na mimi ungekuwa unanicheka nikijaribu.

Miaka mingi nilikuwa najiambia kwamba uongo ule hauna madhara, tena unakufanya ujione unapendwa. Lakini unakumbuka nyanyako alipofariki. Walinipigia simu nikiwa kazini, kwenye ile nyumba ya wazee. Nikamaliza kugawa dawa, nikawabadilisha wawili, nikaja nyumbani nikakuambia huku nafungua kamba za viatu. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Huyo ndiye aliyekulea, wala si mimi. Ukapiga kelele, "You don't even feel anything! Are you even human?" Ulikuwa umesema kweli, na kwa kuwa ulikuwa umesema kweli nilichukua kile nilichokuwa nacho cha kukupigia. Nikasema, "Niliacha Amerika kwa ajili yako, na hivi ndivyo unavyoniongelesha?"

Ukaja ukapiga magoti sakafuni ukaniomba msamaha. Nami nikaupokea.

Wakesho, nimefanya makosa mengi, na mengine ni ya kuchekesha, kama mwaka ule niliopika pilau ya shule yako nikatia sukari badala ya chumvi. Hili sipati pa kulicheka. Ulipiga magoti mbele ya mtu aliyekukana, ukamwomba msamaha wewe.

Na hata kabla ya hapo. Ulipokuja huku na miaka tisa, baada ya mimi kukutangulia kikazi na kukaa miaka miwili tusionane, nilisimama uwanja wa ndege wa Birmingham na koti lako jekundu mkononi. Ukatoka na yule mhudumu, ukanyoosha mkono ukanisalimia kama unavyosalimia wageni wa kanisani. Mama mwingine angekunyakua. Mimi nilikushika mkono, nikakuvalisha koti, nikafunga zipu hadi kidevuni. Nilijiambia sina haki ya kukukumbatia, na nikajizoeza. Ganzi si mbaya kazini. Wazee wakifa mkono wangu hautetemeki, familia zao hunisifu. Shida yake haijui zamu imeisha. Nilienda nayo hadi nyumbani, ikakaa nasi mezani miaka yote hii.

Watakuambia kule ndoto yao inahitaji bidii. Bidii unayo, na kila utakayemkuta anayo, hata wale ambao hawatafika popote. Watakuambia usali. Mkawasi husali, naye hunipigia simu kutoka huko akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Ana nyumba, ana gari mbili, anasema, "Dada, hapa ni kazi tu, na ukichoka unachoka na Kiingereza chako." Watoto wake humwandikia ujumbe kutoka chumba cha pili. Lakini alifika akiwa na wote watatu, na hilo siwezi kumpiku.

Mimi sikufika, kwa hiyo usinichukue kama mtaalamu. Ninachokijua ni kidogo. Mahali kama pale pakitaka umwache mtu, hapana anayekufokea. Unaulizwa mapema, kwa upole, kwenye karatasi, na jirani yako mwenye nia njema anakuambia weka tu, utarekebisha mbele. Huyo unayeambiwa umwache anaweza kuwa mtoto. Anaweza kuwa wewe mwenyewe, yule wa rangi kwenye sweta. Naogopa kwamba ulishajaza tayari, hapa mezani kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kiti cha yule kijana wa saiba nikikuangalia.

Kwa sababu najua huendi kule kwa ajili yako. Unakwenda kunilipa kitu ambacho sikukupa. Hapana ulichonikosesha, mwanangu. Hukuwahi kuwa mzigo wangu wala sababu yangu. Ulikuwa mtoto wa miaka mitatu unayeburura kiatu, na ulikuwa na haki ya kuandikwa.

Insha yako usiione haya. Uliandika ulichoambiwa. Uongo ule ni wangu, na kama kuna wa kuambiwa kanisani, nitaanza na Mama Furaha Jumapili, Mungu anisaidie, maana yule akishangaa hushangaa kwa sauti.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya sweta kwenye sanduku la pili, uikute ukishavuka bahari, uwe mbali usiweze kunitazama. Nilishaifungua hata zipu. Kisha nikaona huo ni ujanja uleule: nenda kwanza, mengine yatajirekebisha. Nimeifunga. Naiweka juu ya sahani yako, nawe utaisoma nikiwa humu ndani. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukuta ni mwembamba lakini jirani ametuzoea. Ukitaka kurudi kulala Selly Oak leo, nitakupa nauli na sitakuuliza.

Kesho basi la kwenda uwanja wa ndege linaondoka saa mbili asubuhi. Ukiona unakwenda kwa kuwa wewe mwenyewe unataka, nitakubebea sanduku lile zito hadi kituoni, na nitajivuna mbele ya kila mtu. Ukiona hutaki, tikiti ni karatasi tu, na unga uko kabatini. Pale shuleni sijui kama wamempata mwingine. Unaweza kuwapigia simu ukawauliza, wataanza kupokea kabla basi halijaondoka.

Sijui kama nitalia. Wakati naandika pale pa kiatu mwandiko uliniharibikia, utaona. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo.

Yule mama wa dirishani aliuliza mara ya mwisho, na mara hiyo sijamjibu hadi leo. Nimekaa na swali lake karibu miaka ishirini. Ndiyo, ninaye mtoto. Mmoja. Anaitwa Wakesho, na kovu ni lake.

Mimi,
Mama Wakesho